Robo Mzunguko

Injini ilikohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi, ikazima tena. Ramadhan alijipangusa uso kwa mkono wa ovaroli, akainama upya chini ya boneti ya ile Peugeot kuukuu.

"Mnunuzi ashatoka Konza," alisema Josphat, aliyesimama kivulini na simu yake. "Amesema kama ukitoa mguu kwa mafuta inazima, hataki kuiona. Fundi, hii kazi unaiweza ama huiwezi?"

"Plagi ni safi, na mafuta inafika. Shida ni mchanganyiko. Petroli ni mingi kuliko hewa, na nikiipunguza inakufa kabisa. Hii kabureta baba yako alikuwa anaipima mwenyewe."

Alisema hayo bila kuinua macho. Kwa miaka ishirini Ramadhan alikuwa amelihudumia gari hilo, breki, klachi, hata rangi, lakini kabureta hakuruhusiwa kuigusa. Siku moja, mbele ya wazee wa kanisa, Mzee Kimanzi alimchapa kiganja kwa bisibisi kama mtu anavyomchapa mtoto aliyedokoa nyama. "Hapo ni pangu," akamwambia. Wazee walicheka. Ramadhan naye alicheka, na kicheko hicho kilimkaa kooni mpaka leo.

Sasa Mzee Kimanzi alikuwa ndani. Kiharusi kilimpiga mwezi wa tatu, kikaua upande wake wa kulia na kumnyang'anya maneno yote. Masikio kilimwachia.

Josphat alitia simu mfukoni. "Basi tumtoe nje atuonyeshe."

"Akijua unaiuza hatakuonyesha kitu."

"Kwani nani atamwambia?"

Walimbeba na kiti chake cha plastiki, wakamweka karibu na madigadi ya mbele. Josphat alichutama mbele ya baba yake, na sauti yake ikawa na upole ambao Ramadhan hakuwahi kuusikia. "Nau, baba yangu, leo tunataka kukupeleka Kalama, kwa kaburi ya Mama. Lakini gari imekataa. Saidia fundi."

Nusu ya uso iliyokuwa bado hai ikachangamka. Tangu mkewe azikwe, mzee hakuwahi kukosa kwenda Kalama kila mwezi, mpaka mwili ulipomsaliti. Aligeuza jicho likatua kwa Ramadhan, likamuuliza.

Ramadhan angeweza kutikisa kichwa. Hilo tu lingetosha.

"Ni kweli, Mzee," alisema. "Tuanze wapi?"

Mkono wa kushoto ulinyooka kuelekea nyasini, ambako fundi alikuwa amekitupa kifuniko cha chujio la hewa. Ramadhan alikirudisha mahali pake, Josphat akawasha injini. Kisha mzee akainua kiganja: ngoja. Wakangoja, Ramadhan akivuta mafuta kwa mkono ili injini isizime, mpaka ikapata moto sawasawa. Kumbe ndivyo. Siku zote yeye aliipima ikiwa baridi na kabureta ikiwa uchi, hewa ikiingia ovyo, halafu akailaumu petroli.

Kidole gumba na cha shahada viligeuka kidogo hewani. Robo. Ramadhan aligeuza skrubu robo mzunguko, na mlio ukapanda. Robo tena. Injini ikatetemeka, ikataka kufa. Mzee akakunja uso, akavirudisha vidole nyuma, kidogo mno, kama mtu anayeonja chumvi. Ramadhan akafuata. Moshi ukakatika. Mzee akashusha kiganja polepole, na Ramadhan, akiwa tayari ameelewa, akalegeza skrubu ya mwendo mpaka mngurumo ukawa mtulivu kiasi kwamba ufagio wa jirani ulisikika ng'ambo ya ua.

Mzee Kimanzi alicheka. Sauti ilitoka vibaya, kama maji yanayokwama mferejini, lakini kilikuwa kicheko. Aliukamata mkono wa Ramadhan, grisi na yote, akaubana.

Na Ramadhan, Mungu amsamehe, alifurahi. Hatimaye alikuwa amekijua kile alichonyimwa miaka yote.

Kisha mzee alianza kujivutavuta kifuani. Winfred, mke wa Josphat, ndiye aliyeelewa kwamba alitaka koti. Alilileta lile la suti, akamvisha mkono uliokufa kwanza, halafu ule mzima, akafunga vifungo vyote bila kumtazama machoni. Alipomaliza aliingia ndani, akafunga mlango.

Mnunuzi alishushwa langoni na pikipiki. Alilizunguka gari, akaketi kwenye usukani, akakanyaga mafuta, akatoa mguu. Injini ilitulia, haikuzima.

"Hii imepimwa na mtu anajua," alisema.

"Tuko na fundi mzuri," alijibu Josphat.

Walikuwa wamekwisha kupatana kwa simu, na karatasi za gari zilikuwa tayari juu ya kiti cha nyuma. Mnunuzi akashuka kuaga. Mzee, aliyekuwa amemdhania kuwa dereva, aliunyoosha mkono wake mzima ili ainuliwe aingizwe garini.

Mnunuzi aliupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa heshima. "Asante sana, Mzee. Nitaitunza. Itakuwa inabeba maharusi."

Akauachia mkono, akarudi garini, akaondoka.

Walilisikia likishuka mteremko, likibadilisha gia kwenye kona, likishika barabara kubwa. Halikukohoa hata mara moja.

"Kazi safi," alisema Josphat. "Nishikie hapo tumrudishe ndani."

Ramadhan hakusogea. Mzee Kimanzi hakuwa akitazama lango, wala hakumtazama mwanawe. Alikuwa amegeuza kichwa, taratibu, mpaka jicho lake likampata fundi, na hakuliondoa. Ramadhan akapiga magoti kukusanya spana zake. Mbele yake, pale gari lilipokuwa limesimama tangu mwezi wa tatu, palibaki mchanga mkavu, laini, ambao mvua hazikuufikia. Kuku mmoja aliukanyaga kwa tahadhari, akauparura, kisha akalala ubavu na kuanza kuoga vumbi.