Chunjua za Wifi

Mimi kisigino nakijua. Hapa mtaani naitwa Mama Visigino, na jina hilo sikuliokota. Miaka kumi na mitano nasugua miguu ya watu katika saluni yangu. Nionyeshe unyayo nikwambie mwenye nao anavaa kiatu gani, kazini anasimama au anakaa, na kama ni mtu mvivu nitakwambia pia, hata kama hujaniuliza.

Kwa hiyo ile Jumamosi Mwalimu Mkuu alipoingia anachechemea, nilikasirika kabla hajafungua mdomo. Amestaafu siku nyingi, lakini hakuna anayethubutu kumwita jina lingine. Alivua kandambili mbele ya wateja watano, akaniinulia unyayo.

"Chunjua nne," alisema. "Nimezitoa hapa kwako. Jirani yangu anazo mbili, na mke wa fundi viatu anayo moja. Sote wateja wako."

"Hapa kwangu? Thubutu!"

Lakini macho yangu yalikuwa yameshaanza kutafuta wa kumbebesha, yakatua kwa wifi. Wifi yangu ni mke wa kaka yangu, nami nafanya naye kazi mwaka wa tatu. Ana mkono mwepesi na subira ambayo mimi sikujaliwa. Na kwenye vidole vyake vya mkono wa kulia alikuwa na chunjua tatu, ngumu kama punje za mchele, moja imekaa kando ya kucha.

"Mchawi wetu huyo," nilisema. "Wifi, vua aproni."

"Wifi?"

"Vua! Mikono yako ndiyo inayowagawia watu uchafu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tenga langu halitaoza."

Wifi alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye stuli. "Sawa, wifi," alisema, akaondoka mikono ikiwa ndani ya mifuko ya sketi. Angenijibu ningefurahi, maana ugomvi nauweza. Lile "sawa" lilinikera mpaka nikavunja chupa ya rangi ya kucha.

Kufikia Jumatatu habari zilikuwa zimezunguka mtaa mzima. Mwenye duka alimwambia wifi anachotaka akionyeshe kwa mbali, asikiguse. Kaka alinipigia simu asubuhi.

"Umemfanya mke wangu mkoma," alisema. "Anaogopa kumsuka hata binti yake."

"Mimi nimeokoa saluni, kaka."

"Nyani haoni kundule," alisema, akakata simu.

Kesho yake nilikwenda kliniki. Msidhani nilikwenda kujuta. Nilitaka dawa kali ya kuoshea saluni, na ikiwezekana karatasi yenye mhuri, niibandike ukutani, wateja waone kwamba hatari imeshaondoka. Nilipokewa na muuguzi wa magonjwa ya ngozi, binti mdogo mwenye miwani. Nilimweleza yote kwa sauti ya mwenye haki. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nani aliota chunjua kwanza?" aliuliza.

"Wifi yangu."

"Umejuaje?"

"Nina macho, mwanangu."

"Na wewe mwenyewe huna?"

"Mimi? Miguu ndiyo kazi yangu!"

"Basi vua viatu, mama."

Nilivua ili nimkomeshe. Alikishika kisigino changu cha kushoto, akakisogeza kwenye taa. "Na hii?"

"Hiyo ni sugu. Mwaka wa pili sasa. Ni kwa ajili ya kusimama."

Akaibonyeza juu, nikamwambia inauma kidogo. Kisha akaibana kwa pembeni. Mama yangu wee! Niliruka nusura nimpige teke. Hakutingishika. Alikwangua juu kidogo kwa kiwembe, akanishikia kioo.

"Tazama mistari ya ngozi," alisema. "Kwenye sugu mistari inapita juu, haikatiki. Hapa inafika ukingoni na kupotea. Unaona hivi vidoti vyeusi? Watu huviita mizizi. Ni vimishipa vya damu vilivyoganda. Chunjua haina mizizi, inakaa kwenye ngozi ya juu tu. Pole mama, hii ni chunjua."

Niliangalia kile kioo. Mimi niliyefundisha wasichana wangapi kutambua sugu!

"Ni kirusi," aliendelea. "Si uchafu, si laana, na chura watu wanamsingizia tu. Kinaingia pale ngozi ilipochubuka au kulowa sana, kinakaa kimya wiki, au hata miezi mingi, ndipo unaona kitu kinaota. Mara nyingi mwili wenyewe unakishinda, ila unaweza kuchukua hata miaka. Tukitaka kuusaidia, kuna dawa ya kupaka, au tunaigandisha chunjua kwa baridi kali." Akashusha miwani. "Hii sugu yako ulikuwa unaisugua kwa kitu gani?"

"Jiwe la saluni."

"Hilohilo la wateja?"

"Lipo moja tu. Zuri, halina mfano."

"Unajisugua mwenyewe?"

"Hapana, jioni tukishafunga naweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, halafu wifi yangu ndiye..."

"Jiwe analishika kwa mkono gani?" aliuliza, taratibu kabisa.

Wa kulia. Kila jioni mimi nimeegemea kiti napiga domo, yeye amechuchumaa, vidole vyake vimelowa na kuchubuka, ananisugua. Asubuhi jiwe linasuuzwa kwa sabuni, linapelekwa kwenye mguu wa Mwalimu Mkuu. Aibu ilinishika nikatamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemfukuza mtu kwa ugonjwa niliompa mwenyewe.

"Jiwe lina vitundu, halisafishiki," alisema muuguzi. "Litupe. Kila mteja awe na lake, na vyombo vya chuma vipite kwenye mashine ya mvuke."

Alinipaka dawa, akanibandika plasta. Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa kaka. Wifi nilimkuta jikoni anaosha vyombo, mikononi amejifunga mifuko ya plastiki. Nilimwambia kila kitu, bila kujipunguzia.

"Nisamehe, wifi yangu."

Alisuuza sahani mbili. "Kunitukana ulinitukana mbele za watu, wifi. Msamaha ndio unaniletea jikoni?"

Jumamosi niliwaita wote, wenye chunjua na wasio nazo. Viti havikutosha. Wifi alikuja, lakini aliishia mlangoni. Nikasimama katikati.

"Jamani, wiki iliyopita nilisema chunjua zenu zimetoka kwa wifi. Nilikosea. Zimetoka kwangu, na zake pia nimempa mimi." Watu wakaguna. Basi nikawaeleza habari ya kirusi, jiwe na dawa, na kwamba wateja wote watatu na wifi nitawapeleka kliniki mimi mwenyewe. Kuongea najua. Baada ya dakika tano nilikuwa nafundisha kana kwamba kirusi nimekigundua mimi, nikaona hata wengine wanatikisa kichwa kwa kuvutiwa.

"Wifi," sauti ilitoka mlangoni. "Vua kiatu. Wakuone."

Nilikaa kwenye kiti cha mteja, nikavua, nikabandua plasta, nikainua kisigino. Mke wa fundi viatu alikuja hadi pua yake ikakaribia kunigusa. Mwalimu Mkuu ndiye aliyeanza kucheka. "Mama Visigino!" alisema, na saluni yote ikaangua kicheko. Niliwaacha wanicheke, nilistahili.

Kisha Mwalimu Mkuu aliinuka, akachechemea hadi mlangoni. Alimshika wifi mkono wa kulia, mkono mtupu, akausogeza kwenye mwanga na kuhesabu.

"Tatu," alisema. "Mimi nne. Nimekushinda, mwanangu."

Wifi alitaka kucheka, akashindwa. Kwa siku saba hakuna mtu aliyekuwa ameugusa mkono ule. Alilia palepale mlangoni, na Mwalimu Mkuu hakumwachia.