Diwani ya Mdogo Mtu

Tangu mtoto wa jicho amfunge mama macho, fundi cherehani, bintiye mkubwa, ndiye aliyemwogesha, akampikia, akamwelekeza kijiko mdomoni. Asante alipata. Kicheko hakupata. Kicheko cha mama kilimngoja mdogo mtu, mwalimu, aliyekuja Jumapili ananukia manukato, akafungua diwani yake na kusoma mashairi. Hapo mama huketi wima, makofi yakalia. "Rudia hapo, mwanangu!"

Dada mtu, jikoni, husugua sufuria nusura aitoboe.

Jumapili moja mwalimu alisahau kitabu kitandani. Fundi akakifukia chini ya vitambaa vya wateja. Kesho yake mchana, mama amelala, akakitoa aone ni uchawi gani uliomo. Akasoma ukurasa mzima, maneno matupu. Akasonya, akarudi kwenye gauni alilokuwa akishona. Lakini jicho halikutulia. Likawa linaibia kitabuni, mguu unakanyaga pedeli, na mara ulimi ukashika mwendo wa cherehani:

*Ulipokwenda mwenzangu, mlango sijaufunga.*

Mguu ukasimama. Mumewe aliaga kwenda kutafuta kazi, asirudi, naye hakuwahi kumwambia mtu kwamba mpaka leo hulala bila kutia komeo. Akausoma mstari tena, kwa sauti. Akamaliza shairi, akafunua jingine, na jingine. Jioni mwenye gauni alikuta lina mkono mmoja.

"Fundi, na wa pili nitautoa wapi?"

Jumapili ikafika.

"Dada, hujakiona kitabu changu?"

"Ninacho. Nilikificha."

Mwalimu akaduwaa. "Ulikificha? Kwa nini?"

"Wivu, mdogo wangu. Mama anakuchekea wewe tu. Sasa keti, leo nasoma mimi."

Akasoma lile la mlango, mahali pengine akikwama. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Makofi hayakulia.

"Mdogo wako ana sauti nzuri kuliko yako," akasema.

Fundi akaanza kukifunga kitabu.

"Ila hilo usimwachie yeye. Analipitia mbio, kama anakimbia mvua. Hebu rudia."

Akarudia. Alipomaliza, mwalimu, uso umemshuka, alinyoosha mkono apewe kitabu chake. Fundi akakikumbatia kama mtu anayenyang'anywa mtoto.

"Kanunue kingine," akasema. "Hiki kimeshaingia mafuta ya cherehani."