Sola Iliyoanikwa Kama Ngozi

Yeyo Naisenya, mama mfugaji wa Kimaasai, aliipaka sola yangu mafuta ya kondoo siku ya Alhamisi, siku moja kabla bosi wangu hajaja kuamua kama friji itabaki kijijini Sale au itarudi mjini Karatu.

Haikuwa sola ya kioo. Za kioo tulishapeleka mbili, zote zikapasuka mgongoni mwa punda kabla hazijafika bomani. Hii ilikuwa nyembamba, unaikunja na kuibeba kwapani, na pembeni ina matundu yenye pete za chuma. Karakana yetu ilinituma nayo kwa sababu mimi ndiye niliyesomea umeme chuoni, na nadhani pia kwa sababu sijui kukataa. Kazi yake ilikuwa kuendesha friji ndogo ya chanjo ya mbuzi. Mwaka jana chanjo iliharibikia njiani kwa joto, na Naisenya akapoteza mbuzi kumi na tisa kwa homa ya mapafu. Bado anawataja mmoja mmoja, kwa rangi zao.

Nilikuwa na sola mbili, moja ya akiba. Ya kwanza niliibana kwa skrubu juu ya bati la ghala la kikundi cha akina mama, ikalala vizuri, nikajisifu kimoyomoyo. Saa nne asubuhi ilitoa wati themanini na mbili. Saa sita, jua likiwa utosini, nilitegemea ipande sana. Ikapanda mbili tu. Nilipogusa bati nikaunguza vidole. Sola hupenda mwanga lakini joto huichosha, na mimi nilikuwa nimeilaza juu ya kikaango.

Nilimweleza Boazi, bosi wangu, kwa simu. Alisema friji ile haitaki chini ya wati tisini saa sita mchana. Isipofika, Ijumaa anakuja na gari kubeba kila kitu, maana kuna loji Karatu inayoitaka.

Alhamisi asubuhi nikaenda Samunge kutafuta mbao za kuinua sola kutoka kwenye bati. Ile ya akiba nilimwachia Naisenya, nikamwomba aitunze. Sikueleza zaidi. Mbele ya mama yule maneno huniishia baada ya salamu.

Mbao sikupata. Niliporudi nilisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya, yeyo," naye akaitika "Iko" huku akinionyesha uani kwa furaha. Sola yangu ilikuwa imewambwa katikati ya ngozi mbili za mbuzi. Alikuwa amepitisha vigingi kwenye yale matundu, akaivuta pande zote hadi ikanyooka, shubiri moja juu ya ardhi, akaizungushia miiba ili mbuzi wasiikanyage. Na ilimeta mafuta kuanzia ukingo hadi ukingo, vumbi jekundu limeganda juu yake.

Alinieleza kwamba nilipoikunjua aliisikia ikilia kama ngozi iliyokauka, akaona nitaipasua. Nilitaka kulia. Nikaomba maji na sabuni, nikaanza kuisugua polepole kwa kanga yangu. Yeye alichuchumaa kunisaidia, akiniangalia kana kwamba naharibu kazi nzuri.

"Kwa nini umeiinua, yeyo?" nikamuuliza, ili tu nisinyamaze.

"Ngozi ikilala chini inachemka tumboni. Lazima upepo upite."

Nikaacha kusugua; mafuta na vumbi vilikuwa vimeshatoka. Nilipeleka mkono chini ya sola. Palikuwa na kaupepo, na mgongo wake ulikuwa vuguvugu tu. Ilikuwa saa sita na robo. Niliunganisha mita. Tisini na nne. Nikapanda ngazi kupima ile ya kwenye bati: themanini na tatu. Nilishuka, nikapima tena ya chini. Tisini na nne.

Ijumaa Boazi alifika saa sita mchana, akaona sola kati ya ngozi, akacheka hadi akashika boneti ya gari. "Dada Ritha, nilikutuma ufunge umeme. Unauza viatu vya ngozi siku hizi?"

Kwa kawaida ningetazama chini. Nilimkabidhi mita: tisini na nne. Aliitazama, akaitikisa, akaitazama tena, kisha akapiga magoti kwenye vumbi na kupeleka mkono chini ya sola.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Yeyo Naisenya," nikasema, kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe. "Jina lake liandikwe kwenye ripoti. Na friji inabaki."

Boazi alimtazama Naisenya, Naisenya akamtazama yeye, na ni Boazi aliyeanza kukunja mikono ya shati. Tulifungua skrubu zote kwenye bati. Naisenya alichagua miti ya fremu, akatukataza miwili kwa sababu ingepinda, na jioni sola zote mbili zilikuwa zimewambwa kwa kamba za ngozi juu ya ghala, upepo ukipita chini yake. Ngazi ilishikwa na bosi.

Jumamosi daktari wa mifugo alifika na boksi la chanjo. Alisoma kipimajoto cha friji, nyuzi nne, akapanga chupa ndani. Naisenya alifunga mlango wa friji mwenyewe, kisha akanivuta pembeni kuniuliza kama kweli haiwezekani kuzipaka sola mafuta hata kidogo.

Nilimruhusu kwenye kamba tu.