Mapafu ya Kwenye Skrini

Shemeji yangu ni msomi, na atakuambia hivyo kabla hujakaa. Kazi yake ni kutengeneza mapafu ya kwenye kompyuta. Anaingiza picha za kifua cha mgonjwa, mapafu yanatokea kwenye skrini yakipanda na kushuka kama ya mtu, kisha yanatabiri kama matibabu yatafaa. Nyumbani kwetu tunamwita Bwana Mtabiri, na si kwa heshima.

Mke wake ni mdogo wangu wa mwisho. Sehemu ya juu ya pafu lake la kushoto ilikuwa imeharibika, imejaa hewa isiyotoka, inaibana sehemu nzima iliyobaki chini yake. Kwenda msalani tu alishika ukuta na kupumzika njiani. Daktari akasema ataziba njia za hewa za pale juu kwa vali ndogo, ili pale pasinyae, pale chini papumue.

"Lakini kwanza nipime kwa puto dogo ndani ya njia ya hewa," daktari alisema. "Kama ukuta kati ya sehemu hizi mbili una mwanya, hewa itapenya kwa nyuma na vali hazitafaa kitu. Tutamtesa bure, na mwili wake hauna nguvu ya mateso mengine."

Bwana Mtabiri akacheka. Haki ya Mungu, alicheka!

"Modeli yangu ya kompyuta imeshapima, daktari. Ukuta ni mzima. Mke wangu atapanda ngazi. Na tukipima tena kwa puto, modeli itakuwa imethibitisha nini?"

Nilimtazama. Mwanamume mzima, ana miwani na shahada, anaogopa kipimo kisije kikaichafulia sifa kompyuta yake.

"Shemeji, huyu ni mkeo au ni jaribio?" nikamuuliza.

"Dada, haya mambo huyaelewi."

Daktari akamgeukia mgonjwa. Mdogo wangu akavuta pumzi, akavuta nyingine, ndipo akapata ya kusemea. "Mume wangu anaijua kazi yake," alisema. Alimwamini, maskini. Nilitamani kumziba mdomo.

Vali zikawekwa bila kile kipimo, pafu halikusinyaa hata chembe. Badala yake akapata homa ya mapafu, akalazwa, vali zikatolewa, akarudi nyumbani na mrija wa oksijeni puani. Siku hizi msalani anapelekwa. Daktari alisema hana kingine cha kumfanyia, na akaomba radhi kwa kukubali kuburuzwa. Angalau yeye aliomba.

Na Bwana Mtabiri je? Alijifungia na mashine yake. Nikadhani anaona aibu, kumbe wapi! Jioni moja akatuita chumbani kwake kwa furaha, nikamsogeza mdogo wangu na mtungi wake wa oksijeni hadi mezani.

"Nimeikamata!" alisema. "Mwanya ulikuwepo kwenye picha tangu mwanzo. Programu iliuona ni uchafu, ikauziba yenyewe. Huwa inaziba, kwa sababu watu wengi ukuta wao ni mzima. Nimeufungua. Tazameni, sasa inatabiri vali zitashindwa, kama ilivyotokea hasa!"

Nimefundisha hesabu miaka mingi. Nawajua watoto wanaochungulia jibu nyuma ya kitabu kisha wanakuja kifua mbele na njia waliyoitunga. Wale huwa nawarudisha wakae chini. Huyu alikuwa anangoja tumpigie makofi.

Kwenye skrini mapafu yalipanda, yakashuka, bila kukohoa. Mdogo wangu aliyatazama kwa muda mrefu. Mumewe hakugeuka hata mara moja kumwangalia usoni.

"Hongera, mume wangu," akasema, akameza hewa. "Mgonjwa wako amepona."

"Enhe, sasa iko sawa kabisa!" akajibu, vidole viko kwenye vitufe.

Mdogo wangu akanishika mkono. "Dada, nenda kanifungie nguo zangu. Nakuja kwako."