Mistari Miwili Tu

Usiku wa jana, hata sijamaliza kulalamika, niliota.

Kwanza niseme nilikuwa nalalamikia nini, maana ndoto yenyewe ilianzia hapo. Mimi ni msusi. Saluni yangu ipo hapa Morogoro, nyuma ya ghala la mchele, na inaitwa kwa jina langu, Kwa Zamoyoni. Kabla ya mfungo kioo kikubwa cha ukutani kilidondoka, nami nikanyoosha mkono kukidaka kana kwamba ni mtoto wa mtu. Kikanikata kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Ukakatika mshipa wa fahamu, ule unaohudumia gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati, yaani vidole vilevile vinavyonitafutia ugali na kunilisha ugali.

Daktari Nditi aliuunga. Akaniambia mshono umekaa vizuri, lakini kushonwa si kupona. Mshipa sharti ukue upya kutoka kwenye mshono mpaka ncha za vidole. "Unakua taratibu," alisema. "Unazizidi nywele, ila si kwa kujivunia. Wewe msusi, nywele unazijua." Kila nikienda kliniki ananigongagonga kiganjani kwa kidole chake, na pale panaposisimka ndipo mshipa ulipofika. Mara ya mwisho ulikuwa katikati ya kiganja. Kutoka hapo kwenda mbele, mkono si wangu.

Tangu siku hiyo kila mtu kawa mwalimu wa subira. Subira yavuta heri, wananiambia, kisha wanaondoka zao na vidole vyao kumi. Hiyo heri yangu naona inavutwa kwa uzi wa buibui.

Na mdogo wangu Tausi anaolewa Jumamosi. Mama alipofariki Tausi alikuwa hajaanza shule, na kichwa chake nimekisuka mimi kila Jumapili mpaka amekuwa mtu mzima. Niliapa mbele za watu kwamba kichwa cha harusi hakishikwi na mwingine, hasa Skola wa saluni ya ng'ambo ya barabara, ambaye msuko wake ukiutazama vibaya unafumuka. Tukapatana na Tausi: asubuhi aje na rasta, zile nywele za bandia za kusukia, nami nivue ile bandeji ngumu nimsuke, daktari asijue. Nilipanda kitandani nikijiambia kwamba nitaweza. Nilijua siwezi. Wiki iliyopita nilijaribu kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto ili zisifumuke, nikaja kuona kidole cha shahada kimetoka malengelenge, na sikuwa nimesikia hata uvuguvugu.

Basi nikaota.

Nipo saluni, ni mchana mweupe, na mkono wangu wa kulia haupo mahali pake. Umekaa kwenye benchi la wateja, umejifunika khanga, umekunja nne.

"Inuka, tuna kazi," nauambia.

"Nimeambiwa nipumzike," unajibu Mkono.

"Umepumzika vya kutosha."

"Daktari alisema mkono upumzike. Hakusema upumzike mpaka utakapochoka wewe."

Nakitazama kioo kipya, labda kitanitetea. Kioo kinakohoa. "Usinitazame mimi," kinasema. "Aliyekukata ni wa upande wa mama. Hatuzungumzi."

"Mshipa yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anasuka. Ana wateja watatu."

Napita kwenye pazia. Siku zote nyuma ya pazia kuna ndoo yangu na jiko la mkaa. Leo kuna ujia mrefu wenye kuta laini na joto la kwapani. Katikati ya ujia kuna kovu limejiinua kama tuta la barabarani, limeshonwa kwa uzi mweusi. Naliruka kwa adabu, maana limenigharimu.

Ng'ambo ya tuta ipo saluni nyingine. Msusi wake ndiye Mshipa, mwanamke mwembamba, mweupe kama uzi wa kushonea, amevaa aproni, anatafuna ubani, simu ameibana kati ya sikio na bega. Anasuka mstari mmoja unaoanzia pale kwenye tuta, unapita sakafuni na kuishia mikononi mwake. Mbele yake sakafu ni tupu na ya kijivu. Mwisho kabisa wa sakafu wamekaa wateja wakisubiri: Gumba, mfupi mnene, Shahada, kafungwa kitambaa kichwani, na Kati, mrefu kuliko wote.

"Bado sana?" namuuliza.

Mshipa hainui macho. "Tunamalizia."

"Imebaki kiasi gani?"

"Mistari miwili tu."

Mtu mwingine angefurahi, lakini maneno hayo mimi nimeyasema maisha yangu yote ya kazi. "Tunamalizia" ndiyo ninayomwambia mteja akishaanza kuuliza watoto wake watakula nini. "Mistari miwili tu" maana yake ni kwamba aagize chakula. Mshipa alikuwa ananidanganya kwa uongo wangu mwenyewe, tena kwa sauti tamu kuliko yangu.

"Ndiye huyu," Shahada anawaambia wenzake, akininyooshea kidole, yaani akijinyoosha yeye mwenyewe. "Ndiye aliyeniingiza kwenye maji ya moto. Nilipiga kelele sana."

"Sikukusikia," namwambia.

"Najua. Habari za kwetu bado hazifiki kwako."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma.

Sasa, katika saluni zote, mteja akiwa na haraka tunagawana kichwa. Wasusi watatu au wanne wanakizunguka, kila mmoja anashika upande wake, na kazi ya siku nzima inaisha kabla ya adhuhuri. Nikaona hapa dawa ndiyo hiyo. Napiga makofi, naita wasaidizi. Anakuja Kidonge cha Maumivu, mviringo, anasinzia hata akitembea. Anakuja Mpira, yule niliyepewa kliniki nimbinyebinye kila siku, anadunda. Inakuja na Chupa ya Mafuta aliyoleta shangazi kutoka Kilosa, inanukia karafuu na inamsalimia kila mtu kwa jina la babu yake.

"Tugawane!" nasema.

Wanakaa, wanasuka. Mimi nami, kwa mkono wa kushoto, naukamata mstari wa Mshipa na kuuvuta kwa nguvu zangu zote ufike mbele. Muda si muda sakafu imejaa misuko. Nimefurahi, natoka jasho, najiona fundi.

"Haya, tujaribu." Namgusa Gumba.

"Asante," anajibu Kati.

Namgusa Kati. Shahada anapiga chafya.

Namgusa Shahada. Wote kimya. Ila huko mbali, mwanzo wa ujia, sikio langu la kushoto linasema, "Nani huyo?"

Kwa mara ya kwanza Mshipa anakata simu. Anaitazama ile kazi, anatema ubani.

"Kichwa cha mikono mitano," anasema.

Kwa wasusi hakuna tusi zaidi ya hilo, maana yake kila mstari umekwenda na mkono wake, hakuna unaofanana na mwenzake. Nikainamisha uso. Yeye akachukua kitana chake chenye mkia, akachuchumaa, akaanza kufumua.

"Usifumue yote!"

"Ingekuwa wewe ungeacha?"

Nisingeacha. Tena kila msusi anajua kwamba kufumua kunakula muda kuliko kusuka. Alifumua kazi ya Kidonge, akamlaza pembeni. Akafumua ya Chupa. Mpira aliomba radhi, akaambiwa abaki, ila afanye kwa zamu yake na aache kudunda ndani. Kisha Mshipa akafika pale nilipovuta mimi, na hapo ikabidi afumue hata kazi yake mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeilegeza. Mstari ukarudi nyuma, ukarudi, ukalikaribia tuta. Moyo uliniuma kwelikweli. Kilichokuwa kinafumuliwa ndicho nilichokuwa nakisubiri tangu kabla ya mfungo.

Nageuka nisione, na nikigeuka sakafu ni mkeka, na mkeka ni ule wa sebuleni kwa mama. Ni Jumapili. Tausi ana umri ule wa kabla ya shule, meno ya mbele hana, na amevaa shela ya harusi. Anauliza kama alivyokuwa akiuliza kila Jumapili, "Dada, bado?"

"Tunamalizia," namjibu.

Lakini Tausi hajakaa kati ya magoti yangu. Amekaa pembeni, anatafuna kashata. Aliyekaa chini, kati ya magoti ya mtu, ni mimi. Na magoti ni ya Mshipa.

"Inamisha kichwa," anasema.

"Mimi sikuja kusukwa."

"Wote husema hivyo. Inamisha."

Anakifungua kilemba changu. Tangu niumie hakuna aliyekiona kichwa hiki. Kujisuka kwa mkono mmoja siwezi, na kwenda kwa msusi mwenzangu nilikataa, watu wasije wakasema Zamoyoni kaisha. Nywele zilikuwa zimesimama kama zimeitwa majina. Mshipa hakucheka. Akapaka mafuta, akachora mstari kwa mkia wa kitana nyuma ya sikio la kushoto, akaanza. Vidole vyake ni vyembamba na havina haraka yoyote, na haviachi unywele nyuma.

Nikalia. Nalisema wazi, nililia kwa woga. Niliogopa kwamba mkono hautarudi, na kwamba usiporudi sijui mimi nitakuwa nani, maana tangu mama afariki watu wananijua kwa mikono tu.

"Nimekubana?" anauliza Mshipa.

"Hapana."

"Basi tulia."

Nikajitikisa tena. Akanigonga begani kwa kitana, vilevile ninavyowagonga watoto wa watu. Nikatulia. Nilipotulia ndipo nikaanza kumsikia anavyosuka, unywele kwa unywele, na nikashangaa, kwa sababu muda wote niliokuwa nahangaika nilidhani hafanyi kitu.

Alipofika nusu ya mstari akasimama, akakung'uta aproni.

"Leo basi."

"Hujamaliza hata mmoja!"

"Nani alisema namaliza leo?"

"Wewe! Ulisema tunamalizia."

"Na wewe umewaambia wangapi?" Akachukua ubani mpya, akautia mdomoni. "Nikuulize, Zamoyoni. Katika wote hao, yupo aliyetoka kwako na kichwa nusu?"

Nikafikiri. Niliwachelewesha wote. Wengine walikosa basi, mmoja alikosa ubatizo wa mwanawe. Lakini kichwa nusu, hapana. Hakuna.

"Basi," akasema Mshipa, na mlango ukagongwa.

Uligongwa mlango wangu wa kweli. Kulikuwa kumekucha, bandeji ipo mkononi, kilemba kipo kichwani kama nilivyolala nacho. Kabla sijafungua nilijigonga kiganjani kwa kidole cha kushoto, anavyofanya daktari. Katikati ya kiganja pakasisimka, kama kawaida. Nikasogea mbele, mpaka kwenye shina la kidole cha shahada. Na hapo pia pakasisimka, kidogo sana, kama siafu mmoja aliyepotea njia. Nikagonga tena nisije nikajidanganya. Alikuwepo.

Tausi aliingia na mfuko wa rasta, uso umemshuka.

"Hizo zipeleke kwa Skola," nikamwambia.

"Skola? Dada, si uliapa?"

"Niliapa, nitafunga saumu nilipe kiapo. Mchana twende wote, nitakaa pembeni nimwangalie. Akisuka ovyo nitamgonga kwa kitana. Kwa hilo mkono wa kushoto unatosha."

Tausi akakaa kitandani, machozi yakamlengalenga. "Usiku kucha sikulala," akasema. "Nilikuwa naona kile kidole chako kwenye maji ya moto. Sikujua nikuambieje."

Kumbe tulikuwa wawili. Akajipangusa uso, akacheka kidogo, akanishika kichwa. "Na wewe pia Skola akusuke. Huji harusini kwangu na kilemba kama umefiwa." Akakifungua bila kuniuliza, mdogo wangu huyu, na mikono yake ikasimama.

"Dada. Nani kakusuka?"

"Wapi?"

"Hapa, nyuma ya sikio. Mstari mmoja. Nusu yake."

Mimi naishi peke yangu. Nikapeleka mkono wa kushoto nyuma ya sikio la kushoto, nikaukuta. Ulikuwa umenyooka, mwembamba, hauna unywele uliobaki nje, na uliishia katikati kama ulioachwa kwa muda tu.

Tausi akaufuata kwa ncha ya kidole. "Skola hawezi huu. Huu ni wa mtu asiye na haraka." Akachukua kitana. "Ngoja niufumue, tuanze upya."

"Usiuguse. Mwenyewe anarudi kuumalizia."

"Kasema lini?"

"Kasema tunamalizia. Imebaki mistari miwili tu."

Tausi, aliyekaa kati ya magoti yangu Jumapili zote zile, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaenda jikoni kubandika maharage.