Kadi Kumi na Tisa

Saa kumi na moja kasorobo jioni, siku ya Jumanne, karani wa zahanati ya meno alikuwa amekwisha kuosha vikombe vya kusukutulia na kuvipanga juu ya taulo, midomo chini, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na minne. Alikuwa amefunga dirisha la nyuma na kulaza kalamu juu ya daftari la wagonjwa. Ndipo wakaingia watu kumi na tisa wakifuatana, wakamsalimu kwa adabu, wakaketi kwenye mabenchi mawili. Mabenchi yale yalikuwa ya watu kumi na wawili tu, kwa hiyo saba wakasimama ukutani. Walinuka moshi. Karani alikwenda akalifungua tena lile dirisha.

Aliwajua. Walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro, waliokufa kwa moto Jumatano iliyopita. Aliyesimama mwisho kabisa, karibu na mlango, alikuwa mdogo wake.

Aliwaambia kwamba zahanati imeshafungwa. Mzee mmoja, fundi cherehani, alimjibu kwamba watasubiri, hawana haraka.

Hapo inabidi kueleza habari ya kadi. Sheria ilitaka kila kiwanda kiwapeleke wafanyakazi wake kupimwa afya mara moja kwa mwaka, meno yakiwemo. Kiwanda cha magodoro hakikupeleka watu, kilipeleka orodha. Orodha ilifika Alhamisi ikiwa na majina sitini na manne, na kadi zilitakiwa Ijumaa. Daktari alikuwa na kiti kimoja na mgongo mbovu. Karani alikuwa na mwandiko mzuri. Basi akakaa na chai yake, akazijaza kadi zote namna moja: meno thelathini na mawili, yote mazima, ufizi salama. Daktari akatia sahihi. Mwaka wa kwanza kazi ile ilichukua saa mbili, mwaka wa pili saa moja na nusu.

Hata kadi ya mdogo wake aliijaza hivyohivyo, ingawa nyumbani walimwita Kibogoyo kwa sababu ya jino la mbele alilolipoteza akiwa na miaka minane. Alipoifikia kadi ile kalamu ilisita kidogo, kisha ikaendelea. Kadi moja ikiwa na pengo, zile sitini na tatu zingeanza kutiliwa shaka.

Daktari mwenyewe alikuwa mzee aliyekula chumvi nyingi, na alipenda kusimulia, wakati wa kungoja ganzi ishike, jinsi meno yalivyowarudishia watu majina yao. Alisimulia habari za mfua fedha wa zamani aliyemtambua rafiki yake, aliyeuawa vitani na kufukiwa kwa miezi mingi, kwa jino la bandia alilomfungia yeye mwenyewe kwa waya. Alisimulia soko la hisani lililoungua katika mji wa mbali, zaidi ya karne moja iliyopita, watu zaidi ya mia wakafa, na ndugu wakawa wanahangaika na pete na vipande vya nguo, hadi balozi mdogo mmoja aliposema waitwe madaktari wao wa meno waje na kumbukumbu zao. Tangu hapo, alisema daktari, polisi wa dunia nzima hubisha hodi kwetu. Wagonjwa, midomo ikiwa imekufa ganzi, hawakuweza kumbishia.

Kwa hiyo afisa wa upelelezi alipomwita mochwari Jumatatu, daktari alivaa koti lake zuri, akabeba kadi kwapani, akaenda. Alitazama vinywa kumi na tisa. Akatazama kadi. Akarudi zahanati, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa na kufumba macho. Kule alikuta mapengo, magego yaliyozibwa, chonge zilizopanda juu ya meno ya jirani, mizizi iliyooza. Hakukuta hata kinywa kimoja chenye meno thelathini na mawili mazima. Kwa mujibu wa kadi, hakuna mfanyakazi hata mmoja wa kiwanda aliyekuwa amekufa.

Mwenye kiwanda aliiafiki hoja hiyo siku ileile. Alisema kwa masikitiko kwamba bila shaka hao walikuwa wapita njia walioingia kujikinga na jua. Manispaa ikapanga kuwazika Ijumaa, wote kaburi moja.

Mama yake karani hakulia. Alilifua gauni la Kibogoyo, akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango. Kila karani alipoingia alimwambia neno lilelile: "Nipatie mwanangu. Sitaki kumzika wa mwenzangu, wala mwenzangu asimzike wangu." Karani hakuweza kumtazama usoni. Alikuwa na aibu iliyomnyima hata chakula, na hofu ya jela juu yake, na alijua kwamba kalamu yake mwenyewe ndiyo iliyompokonya mdogo wake jina.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa jioni ile ya Jumanne. Daktari alitoka chumba cha ndani, akawatazama waliokaa na waliosimama, akaenda kunawa mikono.

"Mmoja mmoja," alisema. "Na safari hii tunafungua midomo."

Alianza fundi cherehani. Kabla hajalala kitini aliuliza kama kuna sindano. Daktari alimwambia hakuna haja. "Basi ningekuja zamani," alisema mzee, akafungua kinywa.

Daktari alitaja, karani akaandika. Juu kulia, gego la pili halipo. Chini kushoto, limezibwa. Meno manne ya mbele yamevunjika ncha, majeraha mapya. Katikati yake mna chembe za kitu cha kijani. Karani aliandika na hilo pia, mahali pa chini palipochapwa maneno Maelezo mengine, ambapo kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuandika kitu. Wa pili alikuwa na gego lililooza, na meno ya mbele yaliyovunjika, na kijani. Wa tatu naye kijani. Alipofika wa tano, mama mmoja mkata sponji, daktari aliuliza ni kitu gani hiki.

Yule mama alieleza bila papara. Kufuli la chumba cha nyuma liliharibika mwaka jana. Mwenye kiwanda hakununua jingine. Alileta waya mnene uliovikwa plastiki ya kijani, na kila asubuhi watu wakishaingia msimamizi aliupitisha kwenye matundu ya mlango na kuusokota kwa nje, ili mtu asitoroke kabla ya saa wala asitoke na kipande cha sponji ndani ya nguo. Ncha zilibaki nje. Ndani kilibaki kitanzi. Moto ulianza wakati wa mapumziko ya mchana, na mikasi na visu vilikuwa vimeshakusanywa na kufungiwa ofisini, kama ilivyo kawaida.

"Koleo hatukuwa nayo," alisema.

"Mkatumia meno," alisema daktari.

"Kwa zamu. Aliyechoka alimpisha mwenzake. Ulikuwa umebaki kidogo tu."

Daktari alimwomba apanue kinywa zaidi kidogo, wakaendelea. Kila aliyemaliza alisukutua, akatema maji meusi kwenye bakuli, akaja mezani kutia sahihi, na karani alimpa kitambaa cha kufutia vidole ili kadi isichafuke. Hakuna aliyelalamika kuhusu foleni. Wawili waliulizana kama leo ni Jumanne au Jumatano.

Mdogo wake alikuwa wa kumi na tisa.

"Dada," alisema.

"Kibogoyo," alisema karani.

Alilala kitini, akafungua kinywa. Daktari alitaja jino la mbele, juu, la kushoto: halipo, kwa muda mrefu. La jirani yake limevunjika nusu. Kijani tele. Kwenye kadi palikuwa na nafasi ya kuandika sababu ya jino kupotea, na daktari akangoja. Karani aliishika kalamu bila kuandika.

"Ulilijua pengo hili hata siku ulipojaza ile kadi ya kwanza," alisema Kibogoyo. Hakuwa na ukali.

"Nililijua."

"Basi andika na sababu."

Nyumbani ilijulikana kwamba Kibogoyo aliteleza bombani. Ukweli ni kwamba walikuwa wakigombania zamu ya ndoo, na karani, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alimsukuma. Kisha akamfundisha la kusema, na yule mtoto akalisema hivyohivyo, damu ikimchuruzika. Karani aliandika: Alisukumwa na dada yake. Katika kadi zote alizoandika maishani mwake, ile ndiyo pekee iliyokuwa na mwandiko mbaya.

"Lakini lilinisaidia," alisema Kibogoyo huku akifuta vidole. "Waya ulikaa vizuri hapo kwenye pengo. Ndiyo maana walinipa zamu tatu."

Karani alilia hapo, kwa muda mfupi, na mdogo wake akamngoja amalize ndipo akatia sahihi. Magharibi ilipoingia walitoka wote kumi na tisa kama walivyoingia. Karani aliosha vikombe upya.

Jumatano asubuhi afisa wa upelelezi alikuja kuzichukua kadi. Alizipitia kwa makini na kusema kwamba tarehe ni ya jana. Karani akakiri. Afisa akauliza kama walikuja wenyewe, akaambiwa walikuja wenyewe na sahihi zao ni hizo. Alitoa daftari la mahudhurio la kiwanda, akalinganisha sahihi moja baada ya nyingine, zikawa zilezile. Fomu ilihitaji tarehe na sahihi, na vyote viwili vilikuwepo, kwa hiyo aliridhika. Kabla ya adhuhuri kila maiti ilikuwa na jina lake.

Kabla hajaondoka, afisa aliazima mkasi wa mezani, akakata sehemu ya chini ya kila kadi, pale palipoandikwa Maelezo mengine. Alikata vizuri, kwa kufuata mstari.

"Mimi kazi yangu ni utambuzi," alisema. "Mambo ya mlango yana faili lake."

"Faili hilo liko wapi?"

"Halijafunguliwa."

Karani alipiga moyo konde, akamwambia kwamba zile kadi za zamani zilikuwa za uongo, zote, na aliyezijaza ni yeye. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Afisa alimwambia asizitoe kabatini wala asizichane, kwa sababu cheti cha afya cha kiwanda kimesimama juu yake, na cheti kile ni halali hadi mwisho wa mwaka. Akarudisha mkasi, akaaga. Karani aliviokota vile vipande kumi na tisa, akavitia kwenye bahasha.

Mazishi yalikuwa Alhamisi, kila mtu na wake. Taarifa ilisema chanzo cha moto ni hitilafu na kwamba milango ilikuwa katika hali ya kawaida. Mwenye kiwanda alituma rambirambi na godoro moja kwa kila familia. Mama yake karani aliliweka lao uani, mvua ikalinyeshea.

Jioni baada ya mazishi karani alikaa karibu na mama yake, akamsimulia habari za Jumanne, kisha akamwambia kwamba Kibogoyo hakuteleza siku ile bombani.

"Najua," alisema mama. "Nilikuwa dirishani." Kisha akauliza, "Alipokuja kwenu juzi, alicheka?"

"Alicheka kidogo, mama. Wakati anaondoka."

"Haya," alisema mama, na ndipo akaanza kulia.

Baada ya miezi mitatu kiwanda kilifunguliwa. Alhamisi moja iliwasili orodha ya majina arobaini, na kadi zikatakiwa Ijumaa. Daktari alimtazama karani. Karani aliandika chini ya orodha: Waje wenyewe. Akairudisha. Kiwanda kilinung'unika siku mbili tatu, kisha kikawaleta kumi kumi, wakati wa jioni ili kazi isisimame.

Walipoingia, Kibogoyo alikuwa pale kwenye benchi. Alikuwa akija jioni nyingi, hasa siku za utulivu, kwa kuwa alipenda kusoma majarida ya zamani ya wagonjwa. Alisogea ukingoni kuwapisha wakae.

Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka kama ishirini. Daktari alihesabu mara mbili, kwa furaha kidogo, maana lilikuwa jambo la nadra: meno thelathini na mawili, hata moja halijaoza. Kisha akainamisha taa. Ncha za meno ya mbele zilikuwa zimelika. Katikati yake mlikuwa na chembe za kijani.

Karani aliiweka kalamu chini. "Mlango bado wanaufunga kwa waya?"

"Wameleta mpya," alisema msichana. "Mnene kuliko ule."

"Na meno?"

"Tunajizoeza, wakati wa mapumziko. Kwa zamu."

Kibogoyo aliinua uso kutoka kwenye jarida. "Usitumie ya mbele," alimwambia. "Lala ubavu, tumia magego."

"Asante, dada," alisema yule msichana.

Karani aliandika yote mawili, waya mpya na mazoezi ya meno, kwenye sehemu ya chini ya kadi, kwa mwandiko wake mzuri, kisha akamwita wa pili.