Presha ya Deqa

Mume wangu Abdiqafar hakuwa mtu wa kubeba kitu. Simtukani, ndiyo kazi yake. Ana duka la hawala hapa soko la Jebel, chini ya mlima, na hawala ni hivi: mtu anaacha pesa zake Juba, Abdiqafar anapiga simu, na muda si muda mdogo wake Gure anamkabidhi mke wa yule mtu pesa kule Isili, Nairobi. Kilichosafiri ni neno tu. Ukifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili unaanza kuamini kwamba kila kitu duniani kinaweza kupelekwa namna hiyo, na hapo ndipo matatizo yetu yalipoanzia.

Tulikuja mwaka 2006, vita vilipokwisha na kila mtu akasema Juba kuna biashara. "Mwaka mmoja tu, Shamis," aliniambia. Mwaka wa tatu, mvua za Mei, binti yetu Deqa akaamka na homa. Alikuwa na miaka sita. Alikataa chai, alikataa mkate wetu wa anjera, akaenda kulala sakafuni kwenye sementi, akasema hapo ndipo pazuri.

Nikasema twende zahanati ya mtaa wa Gurei. Abdiqafar akakataa. Kusema haki, alikuwa na sababu: aliwahi kwenda zahanati moja ya mjini na jino lililovunjika, wakamwandikia malaria na taifodi kabla hajakaa. Tangu siku hiyo hakumwamini daktari yeyote wa upande huu wa mpaka.

"Atatibiwa Isili," akasema.

"Ndege iko lini?"

"Ndege ya nini?" Akatoa simu mfukoni.

Nilikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, nimechoka kubishana. Nikamwachia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote aliyofanya yeye.

Saa nne Gure alikuwa kwa daktari wa Isili. Daktari akasema hatibu mtu ambaye hayupo. Basi Gure akapanda kitandani mwenyewe, na Abdiqafar akaweka simu kwenye spika.

"Anauliza inauma wapi," sauti ya Gure ikasema.

Abdiqafar akainama. "Deqa, inauma wapi?"

"Kichwa."

"Kichwa," akasema kwenye simu, na tukamsikia Gure akimwambia daktari, "Kichwa."

"Sasa anauliza nina miaka mingapi."

"Sita."

Gure akarudi kwenye simu. "Nimemwambia sita. Anaangalia ndevu zangu."

Wakampima uzito, kilo tisini na mbili. Wakamtoa damu. Saa saba majibu yakaja, na Abdiqafar akayaandika kwa ule mwandiko wake wa kazini, kisha akatusomea. Deqa hana malaria. Deqa ana presha. Apunguze chumvi, apunguze nyama ya mafuta, na aache kujisumbua na mawazo ya biashara.

"Abdiqafar," nikasema, "hiyo damu ni ya nani?"

"Ya Gure. Kwa niaba yake."

Alisema kwa utulivu kabisa, vile anavyomwambia mteja pesa zimefika. Nikacheka, wallahi, kisha nikatamani kumpiga na birika. Wakati wa chakula alimwondolea mtoto kichupa cha chumvi, mtoto ambaye hata maji hayakai tumboni.

Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa imeigeuza barabara kuwa uji. Deqa hakunijibu vizuri, alikuwa ananiita kwa jina la shangazi yake. Abdiqafar akampigia Gure kujua hali ya mgonjwa.

"Niko sawa kabisa," Gure akasema. "Nimeshameza dawa ya presha, sasa nakula."

"Gure yuko sawa," akaniambia, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli.

Hapo Deqa akakakamaa. Macho yakageuka yakabaki meupe, mikono ikaanza kurukaruka. Abdiqafar akamtazama, akaitazama simu, akaipeleka sikioni, akaishusha.

"Shamis," akasema, "nani atambeba?"

"Wewe."

Hakuna pikipiki iliyoweza kupita. Alimbeba Deqa kifuani kutoka Jebel mpaka Gurei, kandambili moja ikabaki kwenye tope na hakuirudia. Mimi nilikuwa nyuma na mwavuli usiomfikia yeyote. Nilikuwa nikilia na kumtukana kwa Kisomali, kwa Kiswahili, na kwa kile Kiarabu kidogo cha Juba nilichookota sokoni. Kila tusi akaliitikia, "Ndiyo."

Muuguzi alikuwa Ayak, msichana aliyekulia Kenya, kambini Kakuma. Mtoto alikuwa ameacha kurukaruka lakini hakuamka. Ayak alimchoma kidole akiwa bado begani kwa baba yake.

"Ni malaria, na imeshika vibaya," akasema. "Ilianza lini?"

"Jana," nikasema.

"Na jana mlikuwa wapi?"

"Isili," akajibu Abdiqafar.

Ayak akanitazama mimi. "Sawa. Ana ugonjwa mwingine?"

"Presha," akasema mume wangu.

Kalamu ikasimama. "Huyu mtoi?"

"Andika malaria tu, dada yangu," nikasema.

Vitanda vilikuwa vimejaa, watoto wawili wawili. Chupa ya kwinini ikatundikwa kwenye msumari wa dirisha, Abdiqafar akakaa kwenye benchi na Deqa mapajani. Mchana kitanda kikapatikana, akakataa kumlaza. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi, nilimwona akiuma mdomo. Siku ile nzima sikujua kama nitarudi nyumbani na mtoto au na nguo zake.

Alasiri ya siku ya pili Deqa akafumbua macho, akaomba viazi vya kukaanga, viwe na chumvi.

Baba yake akafikiri. Nilimwona kabisa akifikiri.

"Mletee," akasema. "Na chumvi nyingi."

Siku ya tatu Ayak akaturuhusu. Njia nzima simu ililia katika mfuko wa shati la Abdiqafar. Alikuwa Gure; baadaye tulijua alitaka kuuliza kama amalize dawa ya presha.

"Aabo, simu," Deqa akamwambia baba yake.

"Iache ilie."

"Basi niweke chini, nitatembea."

Barabara ilikuwa imekauka. Hakumweka.